Kibao cha Dhahabu na Mgeni wa Kigwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mwenyekiti wetu wa Mtaa; Mchungaji wangu na Padri wa jirani zangu; Bwana Octavian, Meneja wa Kanda wa kampuni iliyotukusanya hapa mchana huu; wazee wangu wa Chemchem, shikamoni; wenzangu mnaolaza wageni katika nyumba zenu; ndugu wageni waalikwa, nawasalimu kwa lugha ya kwetu, mwadila.

Kwa desturi mtu akifika hapa husema itifaki imezingatiwa, halafu anaendelea na yake. Mimi sitasema hivyo, kwa sababu haijazingatiwa. Yuko mtu mmoja humu ambaye alistahili kutajwa kabla yangu na kabla ya wengi waliokaa kwenye viti vyenye vitambaa, na jina lake halimo kwenye ratiba. Yuko nyuma kule, kwenye masufuria ya pilau. Nitamfikia.

Mimi ni Eliya Kashindye. Wengi mnanijua kwa kazi yangu ya zamani, gadi wa treni, yule wa filimbi na bendera. Wengine mnanijua kwa sababu tangu nistaafu nimegeuza vyumba viwili vya nyumba yangu kuwa vya wageni, wanaokuja kulala siku mbili tatu na kuondoka. Na kuanzia leo mtanijua kwa hiki kibao kilicho mezani, chenye nyota ya rangi ya dhahabu. Ndugu mshika maiki, niwie radhi, nitakuwa nazungukazunguka. Tangu asubuhi miguu haitaki kukaa, na simu yangu nimeiacha imewashwa kwa makusudi. Kuna treni naisubiri, nanyi mtajua kwa nini.

Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya waliopandishwa Daraja la Dhahabu. Niliandikiwa hata karatasi, hii hapa, na imeandikwa vizuri. Nitaisoma mstari wa kwanza: "Tunaishukuru kampuni kwa kutuinua." Basi, nimeusoma. Mingine nitaikunja kidogo niweke mfukoni, maana inasema mambo yaliyotunyima usingizi mimi na mke wangu Yustina.

Kwa ajili ya wazee ambao hawashiki hizi simu, nieleze tunazungumzia nini. Zamani mgeni akishuka stesheni aliuliza watu: wapi naweza kulala kwa heshima? Siku hizi anaiuliza simu akiwa bado kwao. Simu inamletea nyumba, na picha zake, na maneno ya waliolala humo. Mwanzoni nyumba zote zilikuwa sawa. Mwaka jana kampuni ikaleta madaraja: Dhahabu, Fedha na Kawaida. Wa Dhahabu anachangia zaidi, anafuata masharti zaidi, na nyumba yake inatokea juu kabisa. Wa Kawaida anatokea chini. Na huko chini, ndugu zangu, nani anafika? Mtu amechoka na safari, ana simu mkononi na mtoto mgongoni, atashusha kidole mpaka wapi?

Sitaki mseme Eliya hana shukrani. Bwana Octavian ametembea nyumba kwa nyumba kwenye jua la mji huu, na bila yeye bomba la bafuni kwangu lingekuwa linavuja hadi leo. Yustina alilalamikia lile bomba miaka, mimi nikawa naahidi. Octavian alilitazama mara moja tu, akasema kwa upole, "Mzee, hili halifai Dhahabu," na jioni ile ile fundi akaja. Mke wangu hajanisamehe kwamba nilimsikiliza meneja kuliko yeye. Mashuka yetu sasa ni meupe, taa ya nje inawaka, choo kinang'aa. Hayo ni mema, na nayasema mbele ya watu.

Ila kuna sharti la kisanduku. Kile kisanduku kidogo cha chuma kinachofungwa mlangoni, ndani yake funguo, mgeni anabonyeza namba, anafungua, anaingia zake. Tuliambiwa wageni wa Dhahabu hawapendi kusumbuliwa, kwa hiyo mwenye nyumba asijitokeze mpaka aitwe. Sawa. Akaja mgeni wa kwanza, mama mmoja wa makamo kutoka Shinyanga. Mimi na Yustina tukajificha jikoni, ndani ya nyumba yetu wenyewe. Yule mama kufika uani hakukitazama kisanduku. Akasimama, akaita, "Hodi." Kimya. Akaita tena, "Hodi wenyewe." Mimi mtoto wa Usoke, niliyelelewa na bibi ambaye angeacha chungu kiungue kuliko kuacha hodi bila jibu, nimekaa nyuma ya mlango wa jikoni nimebana pumzi, na mke wangu amenishika shati. Aliponiachia nilitoka kama nimefyatuliwa. Nikasema, "Karibu, mama, karibu sana, tulikuwepo." Akanitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki, kwa sababu mtu aliyekuwepo huitika.

Kicheko chenu nakipokea, lakini mimi sikucheka siku ile.

Sasa nimfikie huyo wa kwenye masufuria. Mama Benedikta Sayi, usijifiche nyuma ya mvuke, tunakuona. Ndugu wageni, kabla simu haijajua kama Chemchem ipo duniani, mama huyu alikuwa analaza watu. Wazazi walioleta watoto shule wakakosa basi la kurudi. Ndugu waliokuja kuuguza. Wafanyabiashara wa asali. Mumewe alipofariki alibaki na nyumba ile yenye ngazi ndefu mlangoni, akaamua wageni ndio watakaomsomeshea watoto, na wakawasomesha. Sisi wengine wote tulijifunza kwake. Yeye ndiye alinifundisha kwamba mgeni haulizwi jina kabla ya kupewa maji, na kwamba mtu aliyetoka mbali mpe kwanza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, atakueleza shida yake mwenyewe akishatafuna.

Bwana Octavian, wewe pia unaijua ile nyumba. Ulipokuja mara ya kwanza kutuandikisha, mvua ilikukuta njiani ukafika umelowa na homa imekupanda. Hukubonyeza namba yoyote. Ulilala kwake, ukanyweshwa uji kwa kijiko kama mtoto wa pale. Nakuuliza kwa heshima, na huna haja ya kunijibu hapa: usiku ule ulilala daraja gani?

Leo Mama Benedikta ni Kawaida. Na niwaambie alifikaje huko, maana hakufika kwa uchafu wala kwa uvivu.

Ulikuwa msimu wa mahafali. Kijana mmoja alichukua chumba kwake kwa simu, akaja na mama yake mzazi aliyekuwa anaumwa miguu. Walipofika, yule bibi akazitazama zile ngazi, akakaa chini ya ngazi ya kwanza, akasema, "Mwanangu, mimi nitalala hapa hapa." Benedikta angeweza kukaa kimya, chumba kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa, hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alimshika bibi mkono wakaenda polepole mpaka kwa Anifa, mlango wa tatu, ambaye nyumba yake haina hata kizingiti na iko karibu na hospitali. Akambebea na mzigo. Jioni akampelekea supu. Kijana yule alifurahi mno, akaandika kwenye simu, mkaisoma wote: "Mama Benedikta alitupeleka kwa jirani yake, Mungu ambariki."

Ndiyo desturi yetu, hakuna aliyeshangaa. Nani humu hajawahi kumsindikiza mgeni wake kwa jirani? Nyumba imejaa, unampeleka. Kwako kuna msiba, unampeleka. Mgeni haswali kama wewe na anataka nyumba ambayo atapata mkeka na maji ya kutawadha, unampeleka kwa Anifa, na Anifa akipata watu wa kwaya anakuletea. Mji huu umeishi hivyo tangu misafara ya pwani inatua hapa kupumzisha mabega. Na sisemi enzi zile zilikuwa nzuri. Walipita hapa wengine wakiwa wamefungwa minyororo, na sijui ni nyumba ngapi zilizowafungulia. Nasema tu kwamba lile jema tulilobakiza katika mambo yale yote ni hili, kwamba mgeni akishaingia Tabora ni wa mji mzima.

Lakini mashine haikusoma "Mungu ambariki." Ilisoma kwamba mgeni alichukua chumba na hakulala humo. Kwa mashine hilo ni kosa kubwa kuliko shuka chafu. Ikahesabu kwamba mwenye nyumba amemkataa mgeni. Na kwa kuwa msimu ule aliwasindikiza wengine pia, kila mmoja kwa sababu yake ya haki, ikampunguzia alama. Kadiri alivyokuwa mkarimu ndivyo alivyozama. Hakuambiwa na mtu. Madaraja yalipokuja, alikuwa tayari yuko chini ya kila kitu.

Mnajua yeye alidhani nini? Alidhani ni mtandao. Alihamisha simu kutoka mezani akaiweka dirishani. Akabadilisha laini. Akaja kwangu, akaniuliza, "Baba Kabula, kwako mtandao unashika? Kwangu naona umekufa, wageni hawaingii." Nikamwambia kwangu unashika. Nilisema hivyo tu, kisha nikaenda kumpokea mgeni wangu. Juzi ndipo nilipokaa nikajifanya mimi ni msafiri, nikaiuliza simu: Tabora, chumba, kesho. Nyumba yangu ikatokea ya kwanza, imepigwa picha mpaka mimi mwenyewe nikatamani kulala humo. Nikashuka. Nikashuka tena. Zikaja hoteli, zikaja nyumba za Nzega, ikaja moja ya Igunga, mtu ameomba Tabora anapewa Igunga. Baada ya Igunga ndipo nikaiona ile nyumba ya ngazi ndefu.

Nzega na Igunga wote mbele yake, ndugu zangu, na yeye yuko mlango wa nne kutoka kwangu.

Samahani, simu. Ni mwenzangu wa zamani pale stesheni. Anasema treni imetoka Goweko. Haya, tuna muda kidogo.

Nilikasirika, na bado nimekasirika, ndiyo maana mnaniona sisimami mahali pamoja. Watu wakanituliza, wakasema, Mzee Eliya, madaraja yapo kila mahali, hata kwenye treni yako yalikuwepo. Kweli. Hakuna mtu wa kunifundisha mimi madaraja. Nimefanya kazi maisha yangu yote kwenye treni yenye daraja la kwanza, la pili na la tatu. La kwanza walikuwa na kitanda na mto, la tatu walikaa wamebanana na kuku miguuni. Nilikagua tiketi zote. Lakini nilipopuliza filimbi, injini ilivuta mabehewa yote. Wa la tatu alifika Kigoma dakika ile ile aliyofika wa la kwanza, kachoka zaidi, lakini amefika. Haya madaraja yenu, Bwana Octavian, yanafungua behewa la tatu na kuliacha stesheni, halafu sisi wa mbele tunapewa kibao kwa kuwahi.

Na sasa sikilizeni kilichonifanya nisilale. Jumatatu, yaani keshokutwa, Mama Benedikta anakabidhi funguo za vyumba vyake kwa ndugu yetu Mayala, avifanye stoo ya mpunga. Mayala, nakuona, usiiname, hujafanya ubaya wowote. Uliombwa, ukakubali. Lakini mpunga ukishaingia mle hautoki, na nyumba iliyolaza nusu ya wageni wa mji huu itakuwa na magunia hadi dirishani. Benedikta atahamia kwa mwanawe Ulyankulu. Amesema huko atapumzika. Mimi namjua. Mama yule hajui kupumzika, ataketi tu kwenye nyumba ya mkwewe akisikiliza kama kuna hodi.

Wiki hii, katika hali hiyo, nikapata mgeni. Anaitwa Mzee Mathias, anatoka Morogoro, na yuko ndani ya treni hii ninayoiulizia. Yustina alimpigia kumuuliza anakula nini, wakazungumza, na mzee akaeleza safari yake. Mama yake mzazi alizaliwa Kigwa. Aliondoka msichana, akaolewa mbali, hakurudi tena. Amefariki mwaka huu, na mwanawe anataka kuona mahali nyumba ya kwao ilipokuwa, asimame hapo, aondoke na udongo kidogo wa kuweka kaburini. Hana jina la mtu aliye hai. Ana jina la babu na jina la kisima tu.

Mimi Kigwa naijua kwa stesheni yake. Nimeipita mara ambazo siwezi kukumbuka, nikiwa mlangoni na bendera. Ukiniuliza nani aliishi nyuma ya reli, sijui. Lakini Mama Benedikta amezaliwa Kigwa. Shangazi zake wapo kule mpaka leo. Yustina alipomtajia lile jina la kisima, juzi, wakiwa wanachambua mchele wa shughuli hii hii, aliweka ungo chini akasema, "Hicho tulikuwa tukichota sisi." Basi nani kati yetu ndiye mwenyeji wa Mzee Mathias? Mimi mwenye nyota, au yeye?

Jana nilimpigia mzee. Nikamweleza yote, ngazi na mashuka, nikamwambia nyumba utakayolala haina kisanduku wala nyota. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Mwenzangu, mimi dhahabu sikuitafuta. Nilibonyeza nyumba ya kwanza niliyoiona."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sharti la Dhahabu linajulikana, nimeliwekea sahihi mwenyewe: mgeni aliyekubaliwa hahamishwi, na anayemhamisha anarudi Kawaida siku hiyo hiyo. Sikulisoma nikiwa usingizini. Nilimweleza Yustina asubuhi ninachotaka kufanya. Mnamjua mke wangu, ameifuta ile sehemu ya ukuta, ameshapigilia na msumari wa kutundikia kibao, na aliniambia mapema kwamba amechoka kuwa wa tatu katika kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anafunga kilemba. Kisha akasema, "Ukisema, useme sawasawa. Usije ukafika katikati ukaanza kuwaomba radhi." Basi siombi radhi.

Bwana Octavian, wewe ni mtu mwema, na nakuomba neno moja upeleke kwa wakubwa zako. Wekeni kwenye simu sehemu moja ndogo ya kuandika: nimempeleka mgeni kwa jirani, sababu ni hii, na mgeni mwenyewe athibitishe. Isihesabiwe kosa. Mkiweza kutambua kwamba bomba linavuja, mnaweza kutambua kwamba bibi hawezi kupanda ngazi. Mkitaka kutupanga kwa usafi, tupangeni. Kwa bei, sawa. Lakini msitupange kwa kutufundisha kutofahamiana, maana tukisahau hilo, hamtakuwa na cha kuuza Tabora isipokuwa vitanda, na vitanda vipo kila mji.

Wenzangu wawili mliopata nyota pamoja nami, sitawaambia cha kufanya. Mna watoto shuleni, na mimi wangu wamemaliza. Fikirini tu mkifika nyumbani.

Simu tena. Imepita Kigwa. Maana yake Mzee Mathias amekipita kile kisima dirishani sasa hivi, na hakujua atazame upande gani.

Kwa hiyo sina muda. Mayala, ndugu yangu, hiyo Jumatatu iahirishe, mpunga wako tutautafutia banda. Bwana Octavian, ukitaka kubonyeza unachopaswa kubonyeza, fanya nikiwa bado nimesimama hapa, sitakuchukia. Kibao nakiacha mezani. Kama jioni kitakuwa bado ni changu, msumari upo. Kama si changu, mgeni atatundika kofia.

Mama Benedikta, acha sufuria, wengine watapakua. Vaa viatu twende stesheni, mgeni wako anafika.

Nini? Semeni kwa sauti, sisikii huko nyuma. Anasema hajatandika.

Yustina ametandika, mama. Mashuka ni yale yetu meupe. Kwa nini unadhani alichelewa kufika hapa?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zangu, mmenivumilia kwa masikio yenu na nawashukuru sana. Naomba njia nipite.